Mtoto Amebaki na Nani?

Wiki za giza, mwezi unapochelewa kuchomoza, ndizo wiki za dagaa. Mitumbwi huondoka jioni na taa zake, na kunapopambazuka mialo ya Musoma na ile ya Kibara na Kisorya upande wa Bunda imeshajaa kina mama wenye ndoo na beseni. Anayechelewa hukuta dagaa wamekwisha au bei imepanda. Kwa hiyo mama mwenye mtoto wa miaka miwili hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, mtoto bado usingizini. Mbalamwezi ikirudi kazi hupungua, na kwa siku kadhaa mtoto huamka na kumkuta mama yake ndani.

Buhemba, wilayani Butiama, ratiba hupangwa na machimbo, kwa wanaogonga mawe na kuyapeleka kwenye karasha. Stendi ya Bunda hupangwa na mabasi ya Mwanza na Sirari, na mama lishe ambaye hajawasha jiko kabla ya basi la kwanza ameshapoteza mauzo ya asubuhi. Kazi ni mbalimbali, lakini kila moja huacha swali lilelile nyumbani: mtoto amebaki na nani?

Ndugu zangu wa Musoma, Bunda na Butiama, ninawaomba swali hilo tusimwachie mama peke yake.

Majibu yake tunayajua, kwa kuwa tunaishi nayo. Wapo wenye uwezo wa kulipia kituo chenye kibao barabarani, ukuta uliochorwa herufi na twiga, watoto wenye sare na vikombe vya uji. Wengine hawafiki huko. Mtoto hupelekwa kwa mama wa jirani anayepokea watano au sita chumbani kwake kwa malipo ya siku, au kwa bibi, au huachiwa dada yake mwenye miaka kumi na mmoja, ambaye siku hiyo hatakwenda shule. Hili la mwisho tuliseme bila kuzunguka: mtoto wa miaka kumi na mmoja si mlezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini kabisa wa mtoto kuajiriwa, na binti anayetolewa kijijini kuja Musoma mjini "kukaa na mtoto" mara nyingi naye bado anahitaji wa kukaa naye.

Nchi hii haikuanza jana kulifikiria jambo hili. Mwaka 1981, Mwalimu Nyerere akiwa bado Rais, ilitungwa sheria maalumu ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Ilidumu hadi ilipofutwa na Sheria ya Mtoto, ambayo ilibeba mambo yake ndani ya sheria pana zaidi: mtu hafungui kituo bila kusajiliwa, na njia ya usajili inapita kwa Ofisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Mwishoni mwa 2021 ikaja Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomwangalia mtoto hadi afikishe miaka minane, na ambayo imeweka ulinzi na usalama pamoja na afya, lishe, ujifunzaji wa awali na malezi yenye mwitikio. Karatasi, basi, tunazo. Kinachopungua ni miguu ya kufika hadi chumbani kwa yule mama wa jirani.

Katika Sheria ya Mtoto kuna kifungu cha 13 ambacho ningependa kila mlezi asomewe kwa sauti. Kinakataza mateso na adhabu za kumdhalilisha mtoto, kisha kinaongeza kwamba hakuna adhabu inayohalalika ikiwa mtoto, kwa udogo wake, hawezi kuelewa anaadhibiwa kwa nini. Mtoto wa miaka miwili aliyejikojolea haelewi. Aliyekataa uji haelewi. Sisi watu wa Mara tunapenda kujisifia ukali, na nadhani mara nyingine tunauita malezi hata pale ambapo ni uchovu tu wa mtu mzima mmoja aliyeachiwa watoto kumi.

Upweke wa huyo mtu mzima ndio unaonitia wasiwasi kuliko yote. Mabaya yanayowapata watoto wadogo huko wanakolelewa hupata nafasi pale mtu mzima anapobaki nao peke yake, mlango umerudishiwa, na hakuna anayetarajiwa kuingia. Pengine ni mtu mwovu aliyeutafuta upweke huo kwa makusudi. Pengine ni mlezi mwema aliyezidiwa: anachota maji, uji unachemka, wawili wanalia, na wa tatu ametoka nje bila kuonekana. Wa kwanza anahitaji kuzuiwa na wa pili anahitaji kusaidiwa, lakini kote kuwili kinachotakiwa ni jicho la pili.

Kwa sisi wa ziwani, yule wa tatu aliyetoka nje ndiye wa kuhofiwa. Mtoto mdogo huzama bila kelele, ndani ya dakika chache, wala hahitaji ziwa zima. Ndoo ya maji au kisima kisichofunikwa vinatosha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Moja ya mambo linayoyashauri ni kuwa na mahali salama pa kuwaweka watoto ambao hawajaanza shule. Bangladesh wamelifanya hilo. Vijijini kwao mwanamke wa hapo hapo hufunzwa, hupewa msaidizi, na huwapokea watoto wa mwaka mmoja hadi mitano kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, muda ambao mama zao wamezongwa na kazi. Vifo vya kuzama vilipungua sana walikofanya hivyo, na mwaka 2022 serikali yao iliidhinisha vituo 8,000 vya namna hiyo.

Kinachonivutia kwa Wabangladeshi ni kwamba hawakuanza na jengo. Walianza na saa: ni muda gani mtoto hana mtu? Huku kwetu kituo kinachofunguliwa saa mbili asubuhi hakimfai mama wa dagaa, hata kiwe na bembea na mabati mapya. Anahitaji mlango unaofunguliwa saa kumi na moja wiki za giza, nao unaweza kupumzika wiki za mbalamwezi. Vikundi vya waanika dagaa vinaweza kulipanga hilo vyenyewe, akina mama wawili wakibaki zamu mwaloni kwenye kivuli chenye uzio, wengine wakienda kununua, na wanaobaki wakatengewa fungu lao. Uzio wa fito hauhitaji mfadhili. Kwa Buhemba kuna la ziada, wenye maduara na wenye karasha wanisikie: mtoto asikae mahali dhahabu inapooshwa au kuchomwa. Zebaki inayotumika hapo huharibu ubongo unaokua, na mvuke wake hauna harufu ya kumwonya mtu. Kivuli cha watoto kiwe mbali na hapo.

Mzazi mwenzangu, ombi langu kwako ni dogo. Ingia ndani. Usiishie mlangoni. Nenda siku moja saa nne, siku nyingine saa nane, bila kupiga simu. Mlezi mzuri atakukaribisha, pengine atakupa na mtoto mwingine umshike. Ukiambiwa wazazi hawaruhusiwi ndani, mhamishe mwanao hata kama umeshalipia mwezi. Ukiwa ndani tazama jiko liko wapi na watoto wanacheza wapi, choo cha shimo kina mfuniko au hakina, tundu lake linaweza kummeza mtoto au haliwezi, na mafuta ya taa na dawa vimewekwa juu kiasi gani. Uliza nani mwingine anaishi katika nyumba hiyo, maana mama mlezi tunamjua, ila mgeni anayelala chumba cha pili hatumjui. Uliza pia nani humsafisha mtoto akijisaidia. Maswali haya wengi huyaonea aibu, na aibu yetu imewaponza watoto. Kina baba nao waende. Mtoto ambaye baba yake huonekana kituoni hata mara moja kwa wiki si rahisi kuchezewa.

Na njiani je? Asubuhi utaiona bodaboda imepakia watoto watatu wa chekechea, mshikaki, mabegi yakining'inia. Dereva awe mmoja anayejulikana na abebe idadi inayobebeka, na kituoni kuwe na daftari la kuandika nani amemleta mtoto na nani anaruhusiwa kumchukua. Daftari la kawaida la shule linatosha.

Mtoto mdogo akiumizwa, mara nyingi hasemi. Huanza kulia akikaribia mlango fulani, hurudia kukojoa kitandani baada ya kuacha, humkimbia mtu aliyekuwa akimpenda. Huenda ni jambo dogo tu, lakini usilipuuze. Ukihisi amebakwa au amelawitiwa, usimwogeshe wala usifue nguo zake. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa kuanza ndani ya saa 72, na taarifa ifike Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, hupigwa bure. Wala hili halimhusu mzazi tu: kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa serikali ya mtaa wake. Jirani anayesikia kilio na kuongeza sauti ya redio ameacha wajibu wake.

Halafu kuna vikao vya kuyamaliza kifamilia, vikao vya usiku, ambapo mzee mmoja husema tusiharibu undugu. Ninawaheshimu wazee wetu, lakini hapo hawana mamlaka. Kumbaka msichana wa chini ya miaka kumi adhabu yake ni kifungo cha maisha, na hakuna ng'ombe wa kuibadilisha. Mkoa huu umeshaonyesha kwamba unaweza kusimama: nyumba salama ya Kiabakari, hapo hapo Butiama, imewapokea mabinti wanaokimbia ukeketaji, na waliowafikisha hapo ni watu waliothubutu kutoa taarifa huku ndugu zao wakiwanunia. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kukimbia kwenda Kiabakari. Yeye anakutegemea wewe umwone.

Sasa mama unayepokea watoto chumbani kwako. Huenda umesoma mpaka hapa ukidhani wito huu umekuja kukufungia. Hapana. Bila wewe nusu ya biashara ndogo za mji huu zisingefunguliwa asubuhi, na malipo unayopewa ni aibu kwetu tunaolipa. Nenda kwa Ofisa Ustawi wa Jamii kabla hajaja kwako, umwambie una watoto wangapi na una mahitaji gani. Usikubali kupokea zaidi ya unaoweza kuwaona kwa pamoja. Mtafute mwenzako mlee pamoja.

Na maofisa wetu wakija, waje na kiti cha kukalia kabla ya kufuli. Nairobi wako watu wa asasi iitwayo Kidogo, ambao badala ya kuvifunga vituo vya mitaa ya mabanda huwafundisha wanawake wanaoviendesha, huwaunganisha na kuwafuata hatua kwa hatua. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali namna hiyo kutafuta wakufunzi. Chuo cha Maendeleo ya Jamii Buhare kiko hapa Musoma, na wanafunzi wake hutafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Kwa nini kila kata isipokee wanafunzi wawili, wazunguke nyumba kwa nyumba na kuandika watoto wako wapi mchana, pamoja na yule mwenye ulemavu ambaye hufungiwa ndani kwa sababu hakuna aliyekubali kumpokea? Orodha ya namna hiyo ingeipa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata kitu cha kufanyia kazi.

Mkutano mkuu wa kijiji, kwa mujibu wa sheria, huitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mitaa nayo ina mikutano yake. Viongozi mliowachagua Novemba 2024 huenda hapo kusoma mapato na matumizi, kujibu hoja za maji na za barabara. Safari hii wenye watoto wadogo wasimame mapema, kabla watu hawajaanza kuchungulia saa, waulize: katika eneo letu kuna vituo na nyumba ngapi zinazolea watoto mchana, ngapi zimesajiliwa, na mara ya mwisho ni nani aliyeingia ndani yake kutazama? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, pamoja na jina la atakayekwenda kukagua na tarehe ya kwenda.