Karakana Kwanza, Kibodi Baadaye

Wengi wetu huamini kwamba kibodi ya kompyuta ni kitu kilichokwisha kuamuliwa kiwandani, na kwamba kazi ya mnunuzi ni kuvizoesha vidole vyake tu. Mpangilio wa herufi tunaoutumia umetokana na mashine za taipu alizobuni Christopher Latham Sholes huko Milwaukee, Marekani, zilizoanza kuuzwa mwaka 1874. Kiswahili hakikuwamo katika hesabu yake. Ndiyo maana herufi Q na X, ambazo maneno yetu hayazihitaji, zina vitufe vyao kamili, ilhali mwandishi wa "ng'ombe" hana budi kugonga mara tatu ili apate sauti moja.

Huo ni usumbufu mdogo. Upo mkubwa zaidi. Katika nyumba nyingi yumo mtu ambaye kiharusi au ajali imemwachia mkono mmoja tu wa kufanyia kazi. Mtu huyo hupata taabu kushikilia kitufe cha herufi kubwa huku akigonga herufi iliyo upande wa pili. Kompyuta yenyewe inaweza kumsaidia, lakini msaada huo hubaki katika kompyuta ile ile. Akihamia ya ofisini au ya jirani, hana budi kuanza upya. Msaada ukiwekwa ndani ya kibodi, humfuata kila aendako.

Yawezekanaje? Ndani ya kila kibodi mna chipu ndogo inayoongozwa na programu ya ndani, ambayo mafundi huiita fimwea. Hiyo ndiyo hutambua kitufe kilichobonyezwa na kuiarifu kompyuta. Zipo kibodi ambazo fimwea yake yaweza kubadilishwa, na mradi mmoja mashuhuri wa kazi hiyo ni QMK, ulioanzishwa na Jack Humbert juu ya msingi wa TMK, kazi ya Jun Wako. Msimbo wake uko wazi kwa wote, wala hautozwi senti. Hata hivyo, kabla ya kutoa fedha yako, hakikisha kwamba aina ya kibodi unayoitaka imo katika orodha ya QMK, kwani nyingi za kawaida za madukani hazimo.

Seremala haanzi kukata ubao kabla ya kunoa msumeno. Nawe tayarisha karakana kwanza. Wahitaji Python, Git ya kuletea msimbo, na kompaila za kuugeuza msimbo huo uwe lugha ya chipu. Mwenye Windows hupata vyote hivyo katika furushi moja liitwalo QMK MSYS. Kisha toa amri ya "qmk setup", nayo italeta msimbo wote. Mzigo huo ni wa mamia ya megabaiti, kwa hiyo usiuanze ukiwa na kifurushi cha intaneti kinachokaribia kwisha. Ukimaliza, andika "qmk doctor". Kama jina lake lilivyo, amri hiyo huipima karakana na kukueleza kilichopungua. Kwa watumiaji wa Linux, aghalabu hukumbusha kanuni za ruhusa, ambazo bila hizo kompyuta hukataa kuigusa chipu.

Sasa jizuie kidogo. Usibadilishe chochote bado. Jenga kwanza fimwea ya kawaida ya kibodi yako kwa "qmk compile". Ikijengeka salama, umejua kwamba karakana ni nzima, na hitilafu yoyote itakayotokea baadaye itafute katika maandishi yako mwenyewe. Anayeruka hatua hii hutafuta kosa moja mahali pawili.

Baada ya hapo, amri ya "qmk new-keymap" itakupa nakala yako ya mpangilio. Humo ndimo utakapoagiza kitufe cha herufi kubwa kibonyezwe mara moja na kuachiwa, kisha kiisubiri herufi inayofuata. Humo pia waweza kuagiza kitufe kimoja kiandike "ng'" yote. Lakini fanya badiliko moja, ujenge, ujaribu, ndipo ufanye jingine. Kumbuka kwamba nafasi ina mipaka: chipu ya ATmega32U4, iliyomo katika kibodi nyingi, ina kilobaiti 32 tu za kuhifadhia programu, na sehemu yake imekwisha kukaliwa.

Wakati wa kuipeleka fimwea ndani ya kibodi, kwa "qmk flash" na kitufe cha kuwashia upya, kibodi hunyamaza kabisa na haiandiki hata herufi moja. Basi weka nyingine kando. Ukipeleka mpangilio wenye kasoro, usifadhaike. Kwa kawaida sehemu ya chipu inayopokea programu hubaki salama, nawe utarudia upya.

Pana jambo moja ambalo wazazi hawapaswi kulipuuza. Kibodi huliona kila neno la siri linaloandikwa nyumbani, la benki na la barua. Fimwea iliyokwisha kujengwa na mtu usiyemfahamu, ukaipokea kwa sababu tu unaona uvivu wa kutengeneza karakana, ni sawa na kumkabidhi mpita njia ufunguo wa nyumba. Taabu ya jioni moja ya matayarisho ni nafuu kuliko hasara hiyo.

Kwa hiyo, ikiwa kijana wako anayo hamu ya kazi hii, mpe nafasi, lakini mwelekeze aanze na mtu kabla ya mashine. Aketi na shangazi au babu mwenye mkono mmoja, amwulize ni kitufe gani kinachomtesa, kisha akirekebishe hicho kwanza.