Kompyuta ya Mwili Mmoja na Fedha za Umma

Siku hizi maofisa wetu wengi wanaoagiza vifaa wanavutiwa na kompyuta ambayo mitambo yake yote imefichwa nyuma ya kioo. Haina sanduku la pembeni wala msitu wa nyaya, na mezani, hapana budi tukiri, inapendeza.

Lakini afisa ugavi hanunui pambo. Tazama iMac ya inchi 24 iliyotolewa na Apple mwaka 2021. Unene wake ni milimita 11.5 tu, na ndani yake kumbukumbu imeunganishwa na chipu yenyewe. Aliyenunua ya gigabaiti 8 atabaki na 8 mpaka mashine ife. Kioo kikipasuka, kompyuta nzima hubebwa kwa fundi na kazi ya umma husimama. Ilhali ya sanduku huazimiwa kioo chumba cha pili, kazi ikaendelea. Yaani mashine hii imerithi ugumu wa kompyuta mpakato kutengenezeka, isirithi betri yake! Umeme ukikatika, alama alizokuwa akijaza mwalimu hupotea.

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Hatusemi turudi huko. Mwenye fedha zake na chumba kidogo nyumbani, na ainunue. Ama ofisi za wilaya na vyumba vya walimu, huko ipelekwe ya sanduku, pamoja na kifaa cha kuhifadhi umeme.