Bomba Litapita, Bei Itabaki

Bukoba na Muleba kuna matumaini yaliyokwisha kuota mizizi: kwamba bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, likianza kazi, bei ya petroli itashuka huku kwetu kabla ya kwingine. Tunalisema jambo hili mwanzoni kabisa mwa toleo hili ili lisiendelee kuwapotosha watu. Bei haitashuka kwa sababu ya bomba.

Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, EACOP, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Likivuka mpaka linaingia Missenyi, linapita Bukoba Vijijini na Muleba, kisha Biharamulo, hadi Chongoleani mkoani Tanga. Litabeba mafuta ghafi ya Ziwa Albert, yenye nta nyingi kiasi kwamba yakipoa yanaganda. Ndiyo maana bomba zima linapashwa joto la nyuzi 50 hivi. Mafuta ya namna hiyo hayatiwi kwenye bodaboda. Yanapakiwa melini kwenda kwenye viwanda vya ng'ambo, na yakisafishwa huko yatauzwa kwa bei ya soko la dunia kama mafuta mengine yote. Tanzania haisafishi mafuta tangu kiwanda cha TIPER cha Kigamboni kiiache kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990 na kubaki kuwa ghala. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilisimama mwaka 2013. Cha Uganda kule Kabaale, kinachokusudiwa kusafisha mapipa 60,000 kwa siku, kimezungumzwa kwa miaka mingi kuliko umri wa wanafunzi wetu wa sekondari ya chini.

Tuna mfano wa nyumbani. Bomba la TAZAMA limepita Morogoro, Iringa na Mbeya tangu 1968 likipeleka mafuta Ndola, Zambia. Katika orodha za bei za EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati, Mbeya bado inalipa zaidi ya Dar es Salaam. Kupitiwa na mafuta na kupata mafuta ni mambo mawili mbalimbali.

Hatusemi haya kulibeza bomba. Lina ajira zake na mapato yake, na TPDC, shirika letu la petroli, ina asilimia 15 ya hisa. Lakini wenye mashamba katika mkuza wa bomba wenye upana wa mita 30 walifanyiwa tathmini, wakaambiwa wasiendeleze mazao ya kudumu, na wengi wakakaa miaka kabla ya kuona malipo. Katika nchi ya migomba na kahawa, kumwambia mtu asipande zao la kudumu ni kumwambia asilime. Watu waliotoa kiasi hicho wanastahili kuambiwa ukweli kuhusu bei.

Bei yetu hutengenezwa mahali pengine. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo kwa kila wilaya. Ndani yake mna bei ya mafuta yaliyosafishwa kutoka soko la Uarabuni, thamani ya shilingi kwa dola, gharama za meli na bandari, kodi na tozo, faida ya wauzaji, halafu usafiri wa barabarani kutoka ghala la bandarini. Hapo kwenye usafiri ndipo mkoa wetu wa Kagera unapoumia. Bukoba hulipa takribani shilingi 200 zaidi ya Dar es Salaam kwa kila lita, na Kyerwa huwa miongoni mwa wilaya za juu kabisa nchini. Lori la mafuta linatembea kilomita zipatazo 1,400 kufika hapa, likichoma dizeli njia nzima, kisha linarudi tupu. Agosti 2022, petroli ilipofika shilingi 3,410 Dar es Salaam pamoja na ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi iliyotolewa na Serikali, sisi tulikuwa juu zaidi ya hapo. Na anayenunua kwa chupa ya maji pembeni mwa barabara, kwa kuwa sheli iko mbali na kijiji chake, hiyo bei kikomo anaisikia redioni tu.

Hapa tuna dai, na tunalitoa waziwazi. Julai 2023 Serikali iliongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya miradi ya kimkakati, reli ya kisasa ikiwamo. Mwendesha bodaboda wa Nshamba ameilipa. Kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ni sehemu ya reli hiyo. Reli hiyo itakapofika Ziwa Victoria, ifike na mafuta. Behewa la tangi linabeba kwa nishati kidogo kuliko lori, na kutoka Mwanza ziwa liko wazi hadi Kemondo, jirani na Bukoba. Jirani zetu wamekwisha kutuonyesha: Kenya ilijenga gati la mafuta Kisumu, na sasa meli ya matangi inayavusha hadi pwani ya Uganda. Kemondo kuna bandari, na imefanyiwa matengenezo. Kinachokosekana ni matangi ya kupokelea na uamuzi wa kuyajenga. Sisi wa mkoa uliopata umeme wake kutoka Uganda kwa miaka mingi kwa sababu gridi ya taifa ilikuwa haijafika, hoja ya umbali hatuhitaji kufundishwa.

Hata hivyo, tuseme dai letu limekubaliwa na zile shilingi 200 zimefutwa zote. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita, likitoka Bukoba kwenda Muleba na kurudi, safari ya kilomita 140 hivi, linatumia lita 14. Mwenyewe ataokoa shilingi 2,800. Gari hilo hilo likiwekwa sawa, au likabadilishwa kwa lingine linalokwenda kilomita 14 kwa lita, safari ileile inatumia lita 10. Kwa lita ya shilingi 3,000 ameokoa shilingi 12,000, bila kumsubiri waziri wala meli. Hesabu hii ndiyo iliyotufanya tutenge kurasa nyingi za toleo hili kwa ulaji wa mafuta wa vyombo vyetu.

Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika miaka kumi au zaidi. Sheria yetu haiyakatazi kama Kenya inavyoyakataza yaliyopita miaka minane. Inayaongezea ushuru tu. Mnunuzi huuliza rangi, mwaka na vipuri. Ulaji wa mafuta huuliza mwisho, akiuliza. Kisha Probox inapakia watu tisa na mikungu ya ndizi juu, tairi zikiwa nusu upepo, chujio la hewa limejaa vumbi la barabara ya Kamachumu, na dereva anashangaa mafuta yanakwenda wapi. Wapo wanaozima injini au kuweka gia huru kwenye mteremko wakidhani wanaokoa. Katika injini za kisasa, gari likiwa kwenye gia na mguu umeachia mafuta, mfumo wenyewe hukata petroli. Anayeteremka huru haokoi kitu, na breki zinabaki peke yake na mzigo wote. Tunawasihi madereva waache desturi hii. Imekwisha kuua.

Visiwani habari ni nzito zaidi, na huzungumzwa kidogo mno. Ikuza na Bumbire ni Muleba pia. Petroli huko inafika kwa madumu ndani ya mitumbwi, na injini ya boti hunywa kuliko gari, kwa hiyo mvuvi wa sangara huanza usiku wake akiwa na deni la mafuta. Lakini ni ziwani humo humo tulipoona mageuzi makubwa bila kelele. Wavuvi wa dagaa waliokuwa wakiwasha karabai usiku kucha, wakibanwa zaidi bajeti ya 2011 ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji, sasa wengi wao wanavua kwa taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Mafuta yaliyokuwa yakiteketea juu ya maji kila usiku hayanunuliwi tena. Hakuna bomba lililowaletea nafuu hiyo.

Kwa hiyo tunawaomba madiwani wa Bukoba na Muleba waliulize suala la matangi ya Kemondo katika vikao vyao, na wabunge wetu walipeleke Dodoma. Nawe msomaji, mwenye gari, pikipiki au boti, jaza tangi, andika kilomita au saa ulizotembea, jaza tena, kisha tuandikie: chombo gani, njia gani, lita ngapi. Tutayachapa majibu yenu katika toleo lijalo, bila majina, ili anayekwenda kununua chombo ajue kinakula kiasi gani katika milima yetu.