Anayepanga Viti Naye Aseme

Ndugu zangu, kila Oktoba, mwezi wa historia ya watu weusi hapa Uingereza, tunabandika picha ya Martin Luther King. Sawa kabisa. Lakini wangapi tunamjua Bayard Rustin? Maandamano ya Washington ya tarehe 28 Agosti 1963, watu kama 250,000, yeye ndiye aliyeyapanga kwa miezi miwili hivi: mabasi, maji, vyoo, vipaza sauti. Cheo alichopewa kilikuwa cha naibu tu, maana baadhi ya viongozi walihofia maneno ya watu: Rustin alikuwa anapenda wanaume wenzake. Seneta Strom Thurmond alipomshambulia hadharani, mzee A. Philip Randolph alimtetea, kazi ikaendelea. Medali ya Rais Obama ilikuja 2013. Rustin alishafariki tangu 1987.

Sasa tujiulize, katika chama chetu nani anapanga viti, na nani anashika maikrofoni? Wenzetu wa aina ya Rustin wapo. Kazi tunawapa, wakitaka kusema tunawaambia wakae nyuma, eti watatuaibisha. Jamani, tunadai haki kwa wazungu halafu sisi wenyewe tunabaguana? Oktoba hii tuwaachie jukwaa wangali hai.