Filamu yangu ni ya Yasmin

Hapa Nyangoto kibanda umiza hujaa jioni kwa sinema za mapigano zilizotiwa Kiswahili na ma-DJ, na wachimbaji hushangilia kila risasi. Sina ugomvi nao. Lakini nikiulizwa niipendayo, ni Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Yasmin, binti wa Kihindi katika Zanzibar ya miaka ya 1950, anamtoroka mume mzee ambaye hakumchagua. Sisi Wakurya hilo tunalijua: ng'ombe wakishahesabiwa zizini, nani humuuliza binti? Filamu hii inamuuliza. Na kile Kiswahili cha Unguja, kitamu! Wenye vibanda, iwekeni hata Jumapili moja, kiingilio tutalipa.