Gari la mamilioni, limelazwa na flashi

Mnaikumbuka ile ishu ya Tesla? Februari 2021 kampuni ilikubali kuyarudisha gereji magari kama 135,000 huko Marekani: Model S za 2012 mpaka 2018 na Model X za 2016 mpaka 2018. Tatizo halikuwa breki wala tairi. Kichipu cha flashi cha GB 8 tu!

Ile skrini kubwa ya katikati inaendeshwa na Linux, juu ya prosesa ya Tegra 3. Sasa Linux ni mwandishi hodari, kila kinachotokea inaandika. Na flashi sio ubao wa shule, hufuti herufi moja. Unafuta bloki nzima ndo uandike upya, na kila bloki ina idadi yake ya kufutwa kabla haijachoka. NHTSA, wale wa usalama barabarani Marekani, walitaja mara 3,000 hivi, yaani miaka 5 au 6. Baada ya hapo skrini inakufa. Kamera ya nyuma hakuna, ukungu kwenye kioo huuondoi. Hapo si mchezo tena.

Kuna wanaosema kosa la Linux. Mimi nakataa. JFFS2 ipo toka 2001, UBIFS iliingia Linux 2.6.27 mwaka 2008, zote zinasambaza kazi ili bloki moja isichoke peke yake. Ila hizo ni za flashi tupu. eMMC kama hii ya Tesla ina msimamizi wake humo ndani, anasambaza mwenyewe, Linux inaona diski tu. Na usambaze vipi kama unaandika usiku na mchana kwenye GB 8? Logi zingekaa kwenye RAM, zikaandikwa chache chache, au chipu ingekuwa kubwa toka mwanzo. Dawa yenyewe ilikuja kuwa chipu ya GB 64, kumbe inawezekana!

Kilichoniudhi ni utetezi wao, eti haiwezekani kutegemea kifaa hicho kidumu maisha yote ya gari. Jamani, sisi huku gari tunalipokea likiwa na miaka 10 na zaidi, warantii ilishakufa zamani. Injini fundi wa mtaani anaiweza. Chipu iliyochomelewa kwenye bodi, nani mtaani kwenu anaibadilisha? Nauliza kweli, kama yupo mtajeni.