Mita Zimehuishwa, Nyaya za Ndani Je? Waya wa Ardhi katika Nyumba za Zamani za Mabawa

Tarehe 24 Novemba 2024 ilikuwa ukomo wa kazi ya kuhuisha mita za LUKU nchini. Kwa miezi kadhaa kabla ya siku hiyo, Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) liliwahimiza wateja kuingiza tarakimu walizopewa ili mita zao ziendelee kupokea umeme. Kazi hiyo ilizihusu nyumba za kila umri, zikiwemo za Kata ya Mabawa, Jijini Tanga. Hata hivyo, ilihusu mita pekee. Nyaya zilizo nyuma ya mita, ambazo katika baadhi ya nyumba zina umri mkubwa kuliko wapangaji wanaozitumia, hazikuguswa.

Jambo hilo lina uzito kwa kuwa mwombaji mpya wa umeme huwasilisha mchoro wa mfumo wa nyumba ulioandaliwa na mkandarasi mwenye leseni. Nyumba iliyounganishwa miongo kadhaa iliyopita ilivuka hatua hiyo zamani, kwa mahitaji ya taa chache na redio. Leo nyumba hiyohiyo inabeba friji, pasi, feni na pampu ya maji, na pengine kila chumba kina mpangaji na vifaa vyake.

Kinachokosekana katika nyumba nyingi za aina hiyo ni waya wa ardhi. Nyaya mbili zinatosha kuwasha taa na kuendesha friji, ndiyo maana kukosekana kwa waya wa tatu hakuonekani. Dalili hujitokeza mwanafamilia anapolazimika kuvaa kandambili kabla ya kufungua friji kwa sababu "linapiga shoti". Kaya huizoea hali hiyo kama kasoro ya friji. Mara nyingi huo ni umeme uliovuja hadi kwenye bati la kifaa, ukakosa njia ya kwenda ardhini. Atakayeligusa akiwa miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji ndiye anayekuwa njia hiyo.

Wapo wanaoamini kuwa fyuzi itakata kabla ya madhara. Hesabu inaonesha vinginevyo. Umeme wa majumbani ni volti 230. Ukipita katika mwili wa mtu mwenye ngozi iliyolowa, mkondo wake unaweza kukaribia robo ya ampea. Kwa fyuzi ya ampea 5 hicho ni kiasi kidogo mno, wala haitakata. Kwa moyo wa binadamu kinatosha kuusimamisha. Fyuzi huwekwa ili nyaya zisiungue. Kumlinda mtu ni kazi ya mfumo mwingine.

Mazingira ya pwani huongeza tatizo. Fimbo ya shaba inayozikwa ardhini, ambayo mafundi huiita ethi rodi, hutegemea kiungio imara na udongo wenye unyevu. Hewa ya chumvi hula viungio, na wakati wa kaskazi udongo wa mchanga hukauka na kupitisha mkondo kwa shida. Zipo pia nyumba za zamani ambazo waya wa ardhi ulifungwa kwenye bomba la maji la chuma. Bomba hilo likibadilishwa kuwa la plastiki, kinga hupotea bila mtu kutambua.

Kwa sababu hizo, fimbo peke yake haitoshi. Kifaa kinachokata umeme mara mkondo wa miliampea 30 unapovuja hufanya kazi kwa sehemu ndogo ya sekunde, na humsaidia mtu hata pale waya wa ardhi unapokuwa na kasoro. Katika nyumba yenye nyaya zilizochakaa kifaa hicho huweza kukata umeme mara kwa mara. Kukiondoa ili kuepuka usumbufu ni kosa, kwani kinakuwa kimebaini uvujaji uliokuwapo siku zote.

Swali gumu zaidi ni la gharama. Wajibu wa TANESCO huishia kwenye mita. Mfumo wa ndani ni wa mwenye nyumba. Anayelifungua friji kila siku, hata hivyo, ni mpangaji, ambaye hana mamlaka ya kuchimba ukuta usio wake. Mwaka 2021, kodi ya majengo ilipoanza kulipwa kupitia LUKU, mjadala kama huo uliibuka, na ufafanuzi wa Serikali ulikuwa kwamba kodi hiyo ni ya mmiliki. Nyaya nazo ni mali ya mmiliki, na ukarabati wake unapaswa kuwa sehemu ya makubaliano ya pango.

Kwa kaya isiyomudu kubadilisha mfumo wote kwa mara moja, hatua zinaweza kufuatana: kwanza kifaa cha kukata umeme unaovuja, kisha fimbo iliyopimwa na waya wa ardhi hadi kwenye soketi za friji, pampu na pasi, na hatimaye nyaya zote. Chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ndiyo inayotoa leseni kwa mafundi wa kazi hiyo. Mwananchi ana haki ya kuomba kuiona leseni ya fundi kabla ya kazi kuanza. Kwa sasa, friji linalopiga shoti lichomolewe kwenye soketi hadi mfumo utakapokaguliwa.